Jiwe Ndani ya Koti la Mwalimu

Wiki iliyopita nilirudi Thika, nikateremka upande wa mto Chania kutafuta kijiji tulichohamishiwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari. Sikukiona. Nilizungukazunguka katikati ya mibuni nikishindwa kutulia, kama nilivyozunguka kila jioni nilipokuwa msichana mdogo, nikimngoja mama.

Kila siku mama alipelekwa pamoja na wanawake wengine kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, na alirudi jua likizama. Kuni zilikuwa adimu, maana hatukuruhusiwa kwenda kuzitafuta bila askari. Kwa hiyo cucu, mama yake baba, alipika mchana na moto ukafa mapema. Mama alikuwa amekonda, na tumbo lake lilikataa chakula baridi. Alionja, akasukuma bakuli, akalala njaa. Mimi nilizoea kuizungushia blanketi githeri yake, mahindi na maharagwe, iliyokwisha poa, nikiamini litaipasha moto. Lilinipasha mimi usiku. Kwa nini lisiipashe githeri?

Ndipo siku moja darasani mwalimu wetu alipouliza, "Nani anasema koti langu lina moto?"

"Mimi, mwalimu!" nilipaza sauti kabla ya wote.

Alilivua, akafunga ndani yake jiwe la mtoni, akaliweka juu ya kabati. Siku hiyo nzima benchi halikukalika. Kesho yake alinipa jiwe nilishike. Lilikuwa baridi vilevile.

"Limekataa kuiva!" mvulana mmoja akasema, darasa likaangua kicheko.

"Koti halina moto," mwalimu alisema. "Moto ni wewe. Joto hutoka penye moto likaenda penye baridi. Koti ni kama mlango, linalizuia lisitoke upesi."

Kumbe kila siku nilikuwa nafunga mlango joto likishatoka.

Kengele ilipolia nilikimbia hadi nyumbani. Githeri ilikuwa bado inatokota. Nilijaza kikapu cha kiondo majani makavu ya migomba, nikaitumbukiza sufuria na mfuniko wake, nikashindilia majani mengine juu, kisha nikafunga yote kwa blanketi.

"Wee! Githeri imekuwa mtoto mchanga, inafungwa nguo?" cucu alisema. "Na ukichoma blanketi, tutalalia nini?"

"Usifungue, cucu. Tafadhali."

Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Mikono ilinisihi nichungulie, nikaikalia.

Mama aliingia na udongo mwekundu hadi magotini. Nilipofungua kiondo, mvuke ulipanda. Cucu akaleta bakuli. Mama hakula mara moja. Alikumbatia bakuli kwa viganja vyote viwili mpaka vikapata moto, akaviweka mashavuni mwangu. Kisha akala, akamaliza, akaomba nyingine.

Mama na cucu walishafariki. Handaki limefukiwa na kupandwa kahawa. Nilipofika mahali nilipodhani jiko letu lilikuwapo, niliinama nikalaza kiganja ardhini, nikakiacha hapo. Udongo ulikuwa baridi, nami nikangoja hadi ukaanza kupata joto langu.