Koki na Birika la Ubatizo

Usiku ule nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mkoba magotoni, na ndani ya mkoba chupa ya maji ambayo sikumwonyesha mtu. Mume wangu alikuwa ndani. Mtaro alimokuwa akilaza mabomba ulimporomokea, na daktari alisema tu tusubiri. Mimi nilisubiri mawili: apone, na ikishindikana, asiondoke hajabatizwa.

Mtaa mzima humwita Koki. Ni fundi bomba. Vidole vyake hunuka gundi hata siku ya mapumziko. Huweka sikio ukutani akakwambia maji yanapotelea wapi. Kila Jumapili alinisindikiza hadi mlango wa kanisa akabaki nje na wavuta sigara, akisema siku akiacha mdomo wake mchafu ataingia.

Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, kwa bakuli. Watoto wetu vivyo hivyo, na yeye ndiye aliyewafuta vichwa nilipowatoa nje. Kisha akaja mchungaji mpya akataka birika la kuzamia, lenye ngazi. Alisema hilo si jambo geni: Wakristo wa karne za mwanzo walifundishwa muda mrefu, wengine miaka, ndipo wakashuka majini watu wazima. Bakuli na watoto wachanga vilienea baadaye. Kazi ya birika akapewa Koki.

Nilipompelekea chakula nilimkuta amesimama ndani yake, maji kifuani, spana mkononi, anasikiliza kama panavuja. Nikamwambia si ameshaingia, na mchungaji yupo hapo ofisini. Akacheka.

"Mama watoto, hapa niko kazini."

Jioni hiyo mchungaji alikaa naye ukingoni akamsimulia kwamba zamani wapo walioahirisha ubatizo makusudi hadi karibu na kufa, wakiogopa kuchafuka tena baada ya kuoshwa. Katika habari zote, Koki alibeba hiyo moja. Tangu hapo nikimgusia, jibu lake lilikuwa, "Mimi ni Mkristo wa zamani, usinikimbize." Mchungaji alimwambia pia kwamba wengine walikufa wangali wanaahirisha. Hiyo hakuibeba.

Kila watu waliposhuka zile ngazi alizozijenga, mimi nilitazama mlango badala ya maji. Yeye alikuwa huko nje, akiwauliza waliotoka kama maji hayakuwa baridi mno.

Usiku huo wa hospitali mchungaji alikuwa safarini. Aliniambia kwa simu kwamba mambo yakiharibika, Mkristo yeyote anaweza kumwagia maji mtu na kumbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mradi mwenyewe atake. Hilo la kutaka ndilo lililonikosesha raha. Nikayarudia maneno yale kimoyomoyo nisije nikayakosea, na kila nikiyarudia namwona Koki, maji kifuani. Pale alibakiza kuinama tu.

Dirisha lilipoanza kupata mwanga, mlango ukafunguka. Muuguzi alitoka, barakoa shingoni. Alisema amezinduka, ila bado hawajaiamini hali yake.

"Mama, mgonjwa wako msumbufu. Anaomba maji, nimemwambia haruhusiwi kunywa. Anasema si ya kunywa, mke wake anajua."

Nikafungua mkoba. Muuguzi aliiona chupa, akauzuia mlango kwa mguu mpaka nikapita.