Tulizima jenereta tukakimbia, mashine nikaiacha imewashwa

Wakuu, salamu kwenu nyote mnaoshika chuma.

Nimesoma uzi wa wenzetu kuhusu CNC kugonga na tool kuvunjika, nikacheka kidogo maana mengine nimeyafanya. Hili langu sijawahi kulicheka. Nitalieleza lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Ilikuwa Butembo, mtaa wa Mususa, miaka ile ya vita. CNC, hizi mashine za kuendeshwa na kompyuta, hatukuijua hata kwa picha. Tulikuwa na mashine moja kuukuu ya kukereza chuma, lathe, ya Papa Paluku, mwenye karakana. Yeye alichomelea, mimi nilikereza. Nisisitize hapo: lathe ilikuwa chini yangu peke yangu. Nilikuwa fundi kamili, mwenye mke na watoto wawili.

Umeme ulitoka kwa jenereta iliyokuwa nyuma ya nyumba. Tuliita groupe.

Karakana ilikuwa na sheria moja: ukisikia risasi, kwanza zima groupe. Mlio wake ulikuwa unaita wanajeshi, na wakija wanaondoka na mafuta, pengine na mashine yenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nakereza shafti ya lori la Hussein, msafirishaji wa Beni. Risasi zikalia upande wa sokoni. Papa Paluku akazima groupe, lathe ikasimama.

Nikaona nisiiache shafti ya mtu iibiwe. Nikachomeka ufunguo kwenye chuck, kile kichwa kinachoshika chuma na kuzunguka nacho, nianze kuilegeza. Risasi zikasogea. Nikakimbia.

Ufunguo nikauacha kwenye chuck. Swichi sikuigusa kabisa. Mashine imekufa, swichi ya nini tena? Ndivyo nilivyofikiri, kama kweli nilifikiri.

Tulikimbilia Kasugho, kwa miguu, na familia zetu. Huko tulikaa karibu wiki mbili. Nililala njaa, niliugua, na sikuukumbuka ule ufunguo hata mara moja.

Tuliporudi tulikuta karakana iko nzima. Hata shafti ilikuwepo, na Hussein alikuwa ameshafika, anaisubiri pale pale. Tulifurahi kama watu waliofufuka. Papa Paluku akaniambia niende nyuma niwashe groupe, tumalizie kazi ya mtu.

Nikaenda. Nikavuta kamba mara tatu, ikawaka.

Wenye lathe za kisasa mtashangaa. Zenu umeme ukikatika haziwaki tena mpaka ubonyeze. Ile yetu ilikuwa inaendelea pale ilipoishia.

Nilisikia mlio wa chuma, halafu sauti ya Papa Paluku. Nilipoingia alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wa kulia. Vidole vitatu havikuwepo. Ufunguo ulikuwa umepita kando ya sikio lake na kupasua ubao wa ukuta. Shubiri moja tu, tungekuwa tunazika.

Hussein alivua kilemba chake akaufunga ule mkono. Tukamkalisha kwenye baiskeli, tukamsukuma mpaka kwa daktari.

Watu wakaja kutoa pole. Kila mmoja alisema ni hii vita, na Papa Paluku akajibu, "Ndiyo, ni vita." Nilikuwa nimekaa pale pale pembeni yake. Niliona aibu, lakini nilinyamaza.

Nilinyamaza miezi. Hakuweza tena kuchomelea, nikawa nafanya kazi zote mbili, na kila nilipomwona anahangaika na kifungo cha shati nilitaka ardhi inimeze. Siku moja tukiwa wawili nikamwambia yote.

Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Niliona ile kile, ile ufunguo yako, mu mashine, nikanyoosha mukono niitoshe mule. Ile wakati groupe ikawaka."

Nikamuuliza kwa nini basi anawaambia watu ni vita.

"Juu uko na bibi na batoto. Nani angekupatia kazi tena? Lakini wewe, mu roho yako, hapana useme vita. Vita iko na yake ya kutosha. Hii ni ya kwako."

Sasa niko kwenye karakana kubwa, na CNC. Umeme ukikatika wenzangu wanatoka kwenda kunywa chai. Mimi nazunguka kwanza nazima main switch za mashine zote, na ufunguo wa chuck natembea nao mfukoni. Wananiita Mzee wa Funguo. Waache waniite.

Fundisho ni hilo tu, wakuu: kukata umeme si kuzima mashine.

Wenye visa vya namna hii waandike hapa chini, hasa makosa mliyoyasukumia umeme, boss au vita. Wanaotaka kunisema, nisemeni.

Papa Paluku ameshatangulia. Kama kuna mtoto wake anasoma hapa: baba yenu aliwaambia ni vita. Ni mimi.