Meno ya Trekta la Mteremko

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika. Watu walimwita Mteremko, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha, kwa sababu trekta lake hakupenda kuliegesha mahali tambarare. Akienda kulima shamba la mtu, kwanza anatazama ardhi imeinamia wapi. Akienda dukani, analiacha juu ya kilima na kushuka kwa miguu. Watani wake walidai hata kitanda chake kimeinama.

Kisa kilikuwa meno. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito, flaiwili, lililovishwa ringi ya meno, na stata huuma meno hayo ili kuiamsha injini. Injini ya trekta lile ikizimwa ilisimama karibu kila mara pale pale, basi stata nayo ikawa inauma meno yale yale, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka yakalika. Ukiwasha, unasikia mlio kama wa bati linalokatwa, na injini haigeuki. Penye mteremko Mteremko aliachia breki, trekta likashuka, akatia gia likawaka. Pasipo mteremko alitia gia, akasukuma gurudumu la nyuma kwa bega mpaka injini isogee kidogo na meno mazima yaje mbele ya stata. Miaka sita aliishi hivyo, akijisifu kwamba hakuna mwizi angeweza kuondoka nalo.

Wiki tatu kabla ya msimu wa kulima, katika kusukuma huko, bega likateguka. Daktari alilifunga, akamkataza kushika usukani kwa miezi miwili. Mteremko alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Alikuwa ameahidi mashamba kumi na moja.

Mkewe alimsikiliza huku akiosha vyombo, kisha akasema atalima yeye. Kuendesha alijua tangu miaka ya mwanzo ya ndoa yao, na plau ameishusha mara nyingi. Moyo wa Mteremko ulitulia, na papo hapo akaanza kumpa mafunzo: shamba lile egesha karibu na mfereji, kwa yule mwingine usizime kabisa, na mambo yakiwa magumu sukuma gurudumu hivi.

"Nisukume kwa bega lipi?" mkewe akauliza.

Mteremko aliliangalia bega lake lililofungwa.

"Baba, ujanja wako baki nao. Mimi nipe trekta linalowaka."

Fundi aliyeitwa alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa maneno machache. Alitoa stata, akamulika tochi kwenye tundu lake, akaizungusha injini taratibu, akamwambia shemeji yake atazame mwenyewe. Miaka yote hiyo Mteremko hakuwahi kuchungulia. Meno mazima yalipita, kisha yakaja mengine yaliyolika kama sabuni. Aliona haya, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda cha ng'ombe wake mwenyewe.

Ili kuifikia ringi, fundi alieleza, lazima trekta lipasuliwe katikati, injini itengane na giaboksi. Akishafika, anaweza kuigeuza ringi ya zamani ili upande ambao haujalika uelekee stata, au kuweka mpya. Mteremko aliogopa huko kupasua. Aliwahi kuyaona matrekta ya wenzake yaliyofunguliwa yakabaki vipande mpaka kuku wakatagia ndani. Aliomba msimu upite kwanza.

"Shemeji," fundi akamwambia, "boksi langu la spana haliondoki hapa mpaka trekta liwake."

Mteremko alilizunguka trekta mara mbili, mkono ukiwa kwenye kitambaa alichofungwa shingoni. Hatimaye akasema, "Haya, lipasue. Ila weka mpya. Tukishafika huko ndani, sitaki tulifunge na ugonjwa wake."

Kazi ilichukua siku tatu. Ringi mpya waliipasha kwenye makaa, Mteremko akipepea kwa mkono wake mzima, mpaka ikapanuka na kuingia kwenye flaiwili bila kugombana. Ilipopoa ikabana. Siku ya pili ndiyo iliyomtisha: vipande viwili vya trekta viligoma kukutana, uwazi wa kidole ukabaki mchana kutwa. Mkewe akaanza kuizungusha feni ya injini kwa mkono, kidogo kidogo, ili meno ya ndani yalingane, huku mdogo wake akisukuma, mara chuma kikaingia ndani ya chuma.

Siku ya tatu mkewe alipanda kwenye kiti, trekta likiwa uani, mahali sawa kama sakafu. Kwa mazoea Mteremko alikwenda kusimama nyuma ya gurudumu.

"Toka hapo," mkewe akasema.

Stata iliuma mara moja, injini ikanguruma. Akaizima, akaiwasha tena, na tena, akicheka peke yake. Fundi alilalamika kwamba atamaliza betri. Mteremko akaomba aiwashe mara moja zaidi.

Mashamba yote yalilimwa. Mistari ya lile la kwanza ilipinda kama kamba iliyotupwa, lakini alipofika la nne mwenye shamba aliuliza kama mwakani anaweza kuletewa mama huyu huyu. Mteremko mwenyewe ndiye aliyeitangaza habari hiyo kila alipopita. Bega lilipopona alikuta zamu za asubuhi zimeshachukuliwa na mkewe. Hakuzidai. Akazoea kumpelekea chai shambani, na kumngoja amalize mstari.