Mawe Matatu ya Kitui Kusini

Nimekaa peke yangu hadi nimezoea kuongea na mawe, na hayanijibu vibaya kama watu. Kazi yangu ni kuyatoboa na kupima unga wake. Mawe ya chokaa ya Kitui Kusini yalikuwa tope la bahari zamani mno, na ndani yake kuna kaboni nyepesi na kaboni nzito. Ukilinganisha hizo mbili, unajua kidogo bahari ile ilikuwa hai kiasi gani. Oksijeni nayo ingenieleza joto la maji, ila mawe haya yalipikwa chini ya ardhi yakawa marumaru, na oksijeni ikikutana na moto na maji hubadilika upesi. Kaboni ni kaidi. Naipendea hapo.

Mwaka juzi nilipata mawe matatu makubwa kutoka mwamba mmoja. Wiki hiyohiyo tingatinga likauvunja mwamba wote, ukaenda kuchomwa chokaa. Utafiti wangu wote ukabaki juu ya mawe hayo matatu. Nikapita nayo kwa mama yangu, karibu na Kiboko, nikayaacha kwenye veranda, nikaenda Mtito Andei kutafuta springi ya gari.

Niliporudi alasiri hayakuwapo. Mama alikuwa kwenye kijumba cha nyuma tulichokuwa tukiwekea magunia. Alikuwa amekifagia na kukinyunyizia maji. Mawe yangu yalikuwa katikati, moto ukiwaka, na juu yake sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, uso umemjaa furaha, "nimekuwashia moto wa kwanza. Hata mafiga umejiletea mwenyewe!"

Kwetu mwanamke mwenye mafiga yake ana nyumba yake. Mimi nimepita arobaini, sijaolewa, na kila Krismasi naja na begi moja. Mama angefikiria nini kingine? Lakini wakati huo sikuwaza hayo. Niliona jiwe limeanza kumeguka unga mweupe upande wa moto, nikapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Niliipua sufuria kwa leso, nikayakokota mawe nje kwa jembe, moshi ukituwasha macho sote wawili.

Kaboni ilipona, niseme hilo mapema. Nilitoboa upande ambao moto haukufika, na vipimo vikatoka vizuri. Watu wa maabara walinipongeza.

Siku ile, Mama alisimama mlangoni akiyatazama mawe yakipoa uani.

"Kwani haukukuja kukaa?"

"Mwaitu, mama yangu, haya ni ya kazi. Ya kupima tu."

"Ni sawa," akasema.

Akaichukua sufuria, akaenda kumalizia kupika jikoni kwake. Ningeweza kumfuata. Niliona haya, nikabaki uani nikiyafunga mawe kwa magazeti, na kupitia dirisha nikamsikia akiweka sahani moja mezani, halafu, baada ya muda, ya pili.