Zamu ya Maji Isiyouzwa

Nnaikumbuka vizuri Ijumaa ile kijijini kwetu Bausher, miaka ya tisini, tulipokaa uani kwa Sheikh Nasor baada ya sala, na mfereji nje ya ukuta umekauka. Mwanangu, wewe unafungua bomba tu, maji yanakuja, alhamdulillahi. Lakini leo vijana wetu mnachaguliwa kwenye kamati za majengo na za misikiti, mnakabidhiwa vitu vya watu wengi. Kwa hiyo vuta subira kidogo nikweleze sisi tuliviangaliaje.

Falaji ni mfereji wa kale unaoleta maji ya chini ya mlima mpaka mashambani. Hauna mwenyewe mmoja. Kila familia ina zamu yake ya maji, huyu saa tatu, yule nusu saa, na zamu hurithiwa kama nyumba. Wenye maji humchagua wakili, yaani msimamizi, na wakati huo alikuwa Sheikh Nasor. Tena falaji yenyewe nayo ina zamu, na hili ndilo nnalotaka ulishike. Maji ya zamu hiyo hunadiwa kila wiki, anayeyataka huyakodi, na fedha yake ndiyo inayozibua mfereji na kuujenga unapobomoka. Mzee aliyeianzisha ada hiyo hatumjui jina. Mungu amrehemu.

Mwaka ule mvua kubwa ilishusha wadi, yaani mafuriko ya bondeni, yakaukata mfereji pale unapolivuka bonde. Fedha ya mnada haikutosha kuujenga upya. Mitende huvumilia kiu, milimau haivumilii. Na shangazi yangu, Bi Zuwena, alikuwa na nusu saa ya maji aliyorithi kwa baba yake, na milimau ndiyo iliyomlisha tangu turudi kutoka Zanzibar. Hakuwa na mume wala mtoto. Majani yalikuwa yashaanza kujikunja.

Hapo akaja Bwana Salum, mtu wa Qurum aliyenunua shamba kubwa jirani yetu pamoja na maji yake. Alitaka kuinunua ile zamu ya falaji, iwe yake moja kwa moja, na fedha alikuwa tayari kuitoa siku ile ile. Wenye maji wote walikubali. Aliyebaki ni shangazi, na kwa ada yetu pale, kitu cha falaji hakiuzwi mpaka aridhike hata mwenye nusu saa.

Wanawake walikaa upande wa pili wa ukuta. Mimi, kijana wa afisini na kanzu yangu imepigwa pasi, ndiye niliyekuwa mjumbe wake.

“Bi Zuwena anasemaje?” akauliza Sheikh Nasor.

Nikenda, nikarudi. “Anasema hapana.”

Bwana Salum akacheka. “Mwambie shangazi yako, nyie watu wa Zanzibar mmezoea mvua. Thamani ya maji hamuijui.”

Kabla sijanyanyuka, sauti ikapita juu ya ukuta. “Nshasikia, Bwana Salum, usimchoshe mtoto wa watu. Mvua ya kule haina wakili wala mnada, ndiyo maana hatukuzoea kuuziana.”

Watu wakacheka, hata Bwana Salum mwenyewe. Sheikh Nasor akangoja watulie, kisha akasema kwa upole, “Bi Zuwena, milimau yako inakufa. Ukikubali, maji yatarudi kabla ya Ramadhani. Usipokubali, wa kwanza kuumia ni wewe.”

“Najua, Sheikh. Nimetoka kuiangalia asubuhi. Lakini wadi itashuka tena. Siku hiyo wajukuu zenu watauza nini?”

Bwana Salum akawa anakizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

“Mimi mwenye nusu saa ntatoa cha nusu saa,” akasema shangazi. “Mwenye saa tatu atoe cha saa tatu. Na zamu ya falaji ibaki ya falaji.”

Pale uani hapakuwa na mwenye zamu ndefu kumshinda Sheikh Nasor mwenyewe. Akainamisha kichwa, midomo yake ikawa inataja jina la Mungu, kisha akasema, “Bismillahi. Naanza mimi. Anayenifuata ni wewe, Bwana Salum.”

“Ala, mimi nimekuja kununua, mnanitoza?”

“Shamba lako linakunywa maji haya haya, bwana. Na mnadani unakaribishwa kila wiki, kama sisi sote.”

Bwana Salum akatikisa kichwa, akatoa.

Kazi ilichukua muda, na milimau mingi ikafa. Mimi ndiye niliyeikata. Shangazi alisimama akiangalia, akasema tu, “Alhamdulillahi, kuni za futari tunazo.” Maji yalirudi Ramadhani ikielekea kwisha. Siku ya Idi Sheikh Nasor alisimama mlangoni pa msikiti akaeleza kila kilichoingia na kila kilichotoka. Watu walimuuliza mpaka bei ya saruji, naye akajibu bila ya kununa. Nikamtazama shangazi kwa mbali, kajifunika buibui lake la zamani, nikajiona nimezaliwa katika nyumba kubwa.

Basi mwanangu, ukipewa kitu cha watu, kitafutie kwanza chumo lake lenyewe, kitu cha kukiingizia fedha, ili matengenezo yasingoje huruma ya mtu. Chumo hilo likodishe, usiliuze, hata siku ya dhiki, kwani wasiozaliwa nao wana haki na hawapo kusema. Anayenufaika zaidi atoe zaidi, na msimamizi awe wa mwanzo kutoa. Mwenye kidogo asikilizwe, hata kama yuko nyuma ya ukuta. Na ukiulizwa hesabu, jibu kwa uso mkunjufu, maana yuko atakayetuuliza sote.

Mwenyezi Mungu akupe amana unazoziweza, akupe na moyo wa kuzirudisha zikiwa nzima, na ayajaalie maji yako yawafikie wa mwisho katika mstari. Amin.