Chausiku, Fundi wa Nguo za Video

Ukimwuliza Chausiku Semkiwa, fundi cherehani wa Manundu pale Korogwe, habari za video za muziki, hatakuanzia kwenye wimbo. Atakuanzia kwenye nguo. Kwake kila enzi ina kola yake na suruali yake, na atakueleza moja baada ya nyingine huku mguu unakanyaga cherehani, mpaka usahau kilichokupeleka.

Alizaliwa Kwaluguru, wilayani Handeni, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi. Alipokuwa msichana akaletwa Korogwe kujifunza ushonaji kwa shangazi yake, Bi Ikram. Hakuwa amekaa sana pale bendi moja ya dansi ya mjini ilipotaka kupigwa video. Televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaingia nchini, na mtu akitaka kuiona alikwenda kusimama mlangoni kwa mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Bi Ikram akapewa kazi ya kushona mashati ya wanamuziki wote, yafanane. Wakachagua kitambaa cha mistari myembamba ya bluu na nyeupe, wakashona, wakapiga pasi mpaka mashati yakasimama yenyewe.

Mpigapicha akaja kutoka Tanga na kamera kubwa ya kubeba begani. Alipoyaona mashati pale kwa Bi Ikram akacheka, kisha akawaeleza kwa upole kwamba mistari ile kwenye kioo cha televisheni itatembea kama sisimizi, watu waumwe macho. Ikabidi washone mengine ya kijani kitupu palepale, bendi nzima ikingoja na vesti.

Video yenyewe ilikuwa ya kistaarabu mno. Wanamuziki walijipanga safu mbili kwenye bustani ya gesti, maua nyuma yao, wakaimba. Kamera ikaenda kushoto, ikarudi kulia, basi. Lakini siku ilipoonyeshwa, Chausiku alikuwa mlangoni kwa yule mfanyabiashara, amebanwa na watu kila upande, na zilipotokea zile kola za kijani alimshika mkono mwanamke asiyemjua akamwambia kwamba amezishona yeye. Mwanamke yule hakuamini. Chausiku hakujali. Alirudi kwa shangazi yake akikimbia.

Miaka ikapita, Bi Ikram akamwachia cherehani, na vijana wa bongofleva wakaanza kumjia. Hao hawakutaka kola. Walitaka suruali ambazo ungeweza kuingiza watu wawili mguu mmoja, na makoti marefu katika joto la Korogwe. Video zao zilipigwa kwenye gari la kuazima, na baadaye kompyuta ikawawekea moto nyuma, au maghorofa ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Sidii zilinunuliwa stendi na kuonyeshwa kwenye mabanda ya video. Chausiku alilipa kiingilio kama watu wengine, akakaa benchi la mbele kuangalia mishono yake inavyorukaruka.

Kisha mabanda yakafa. Nyimbo zikahamia kwenye simu, picha zikaanza kukatwa haraka kiasi kwamba alilazimika kusimamisha kwa kidole ili aone kama pindo limekaa sawa. Vijana wakaacha kusema video, wakasema kichupa. Mwimbaji mmoja alibadilisha nguo mara tano kabla ubeti wa pili haujaisha, na Chausiku akafurahi kupita kiasi, maana zote alizishona yeye.

Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufika mahali video inapopigwa. Nguo zilitoka dukani kwake zimekunjwa, akazikuta tena kwenye kioo. Hayo yalibadilika alipokuja Nasha, msichana wa wafugaji wa Mazingara, anayeimba kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, na kwa Kiswahili.

"Shikamoo mama," alisema Nasha. "Nataka gauni ambalo mtu aliyeko angani ataliona."

"Marahaba mwanangu. Angani kuna nani?"

"Kuna droni."

Akamwonyesha kwenye simu. Kamera ndogo yenye mapanga kama ya feni inaruka, inapiga picha kutoka juu kama ndege. Nasha alitaka gauni jekundu la rangi ya shuka la kwao, lenye mkia mrefu wa kuburuzika mbugani. Chausiku aliposikia hivyo akasogeza sare za shule pembeni. Mkia ule ulimaliza sakafu ya duka, ukatoka nje barazani, wapita njia wakauruka. Nasha akamsihi aje naye, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angejua kuufunga.

Basi likawashusha Mkata, pikipiki zikawafikisha Mazingara. Mwongozaji, Abdulaziz, kijana kutoka Dar, alishapanga kila kitu. Mzee Parsimei, baba yake Nasha, alikuwa ameleta ng'ombe wake wasimame nyuma. Droni ikapanda juu, Nasha akatembea. Upepo haukuwepo. Mkia ukalala chini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Wakajaribu kuwapa wachezaji wa Nasha wauvute, lakini kutoka juu zikaonekana pilikapilika za watu tu. Abdulaziz akakaa chini, akashika kichwa.

Chausiku akamwambia kwamba yeye ataingia chini ya kitambaa, ainue mikono na kukimbia, hewa itakijaza. Abdulaziz akamtazama umri wake, akasita, akasema wasubiri upepo. Ni mzee Parsimei aliyesema, "Mwache mama akimbie. Ng'ombe wangu wanataka maji."

Akaingia. Humo ndani kila kitu kilikuwa chekundu, hata mikono yake. Muziki ukapigwa kwenye spika, droni ikavuma juu kama nyuki, naye akakimbia. Nasha aliposikia vishindo nyuma yake, naye akaanza kukimbia. Ndama wakashtuka, wakaingia mbioni sambamba nao, na kile kitambaa kikavimba, kikapanda, kikawa kama kitu chenye pumzi. Mwishoni kikamchomoka mikononi, Chausiku akatokeza nje, futi ya kupimia shingoni, kilemba kimelegea, anacheka mpaka machozi.

Aliomba radhi kwa kuharibu. Abdulaziz akawaita wote kwenye kioo kidogo cha kuongozea droni, akawarudishia picha palepale, bila kungoja miezi kama zamani. Chausiku akauona mto mwekundu ukikata mbuga, na mwisho wake mwanamke mfupi mwenye furaha ya ajabu. Akaomba arudishiwe tena, na tena.

"Hii haikatwi," alisema Abdulaziz.

Na haikukatwa. Video ilipotoka, watu waliipenda, ila kile kipande cha mwisho ndicho kilichosambaa kwenye simu kuliko vyote. Wanawake wakakiigiza kwa kanga na mashuka ya kitandani, wengine hata kwa vyandarua, kisha wakatokeza wakicheka. Wateja wakaja dukani si kushona, bali kupiga naye picha.

Mwezi uliopita alikuwa anakwenda tena Mazingara, Nasha anataka gauni jingine. Basi liliposimama Mkata, muuza machungwa aitwaye Loveness akamtambua, akawaita wenzake, wakamwomba akimbie kidogo tu waone. Chausiku akaweka mkoba chini, akajitanda kanga kichwani, akainua mikono juu, akakimbia pembeni mwa barabara, na wauza machungwa wote wakamfuata nyuma.