Mwalimu wa Raga na Mpira Usioachiwa

Simu ilinikuta Vwawa nikianua kahawa. Yule bwana aliyetuletea raga Tunduma amefariki, na wamekwisha kumzika kwao Ileje, upande wa Ikinga, kabla wengi wetu hatujapata habari. Aliyenipigia alikuwa mpagazi mpakani zamani. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sina mazoea ya kumsifu mtu kwa kuwa tu amekufa. Huyu namwandikia kwa sababu nyingine, nayo inanisumbua.

Raga aliijulia kwenye migodi ya Zambia. Alirudi miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa, akawa wakala wa kutoa mizigo forodhani, na Jumapili akawakusanya wapagazi kwenye kiwanja cha wazi kule Chapwa. Mwanzoni walimcheka. Mpira wenyewe una umbo la yai. Unakimbia nao mikononi, lakini ukitaka kumpa mwenzako sharti umrushie aliye sambamba nawe au nyuma yako, si wa mbele kamwe. Anayekamatwa na kuangushwa ni mwenye mpira peke yake, tena ashikwe chini ya mabega. Kufunga ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuukandamiza ardhini kwa mkono. Kuna na ile ya wanane kwa wanane kuinama na kusukumana kwa mabega, ambayo vijana wa Tunduma walikuwa kama wamezaliwa nayo. Kanuni moja aliigusa juu juu tu: ukiangushwa, uachie mpira papo hapo.

Aliigusa juu juu kwa sababu ilikuwa ngumu kwao, na yeye alifurahia ugumu huo. Mpagazi wa mpakani akishauweka mzigo begani hautui mpaka kwa mwenyewe. Ukiutua njiani, mwingine anauinua, na kazi imekwenda. Watu wa namna hiyo hawapokonywi mpira, na mwalimu wetu alishajionea ushindi.

Siku timu ya Nakonde, upande wa Zambia, ilipovuka kuja kucheza, Chapwa nzima ilikuwa pembeni ya kiwanja. Refa alikuwa yeye, maana hakuna mwingine aliyezijua sheria, na wageni walikubali. Mwisho wa mchezo tulikuwa nyuma kidogo, na mmoja wetu, baba wa watoto wawili, akachomoka na mpira. Wakamwangusha hatua chache kabla ya mstari. Akaukumbatia. Wageni wakamrukia kuung'oa, wenzake wakajazana juu yao, na sisi wa pembeni tukapiga kelele asiachie. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa refa. Nilimwona. Hakuipuliza upesi, kwa kuwa mstari ulikuwa karibu mno. Alipoipuliza, rundo likafumuka, na mtu mmoja akabaki chini, mpira bado kifuani.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mikono siisikii."

Mwalimu akapiga magoti, akakishika kichwa chake kwa viganja viwili, akakataza mtu yeyote kumsogeza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wapagazi kumi na wanne walikuwa wamesimama, na kazi wanayoijua duniani ni kuinua na kwenda. Walitaka kumtupa begani na kukimbilia zahanati. Mkubwa wao akainama, amevimba shingo kwa hasira.

"Toa mkono, mwalimu. Huyu ndugu yetu. Kubeba ndiyo kazi yetu."

"Mkimwinua hivyo mnamuua. Atakayemgusa aanze na mimi."

Hakupandisha sauti. Mmoja alikwisha kuokota jiwe. Nahodha wa Nakonde akaja akasimama kati yao, akavua fulana yake, akamfunika majeruhi, akisema "mukwai, mukwai" kwa upole, kama wasemavyo kwao kumsihi mtu. Jirani mmoja, muuza vitenge, aling'oa mlango wa duka lake, wakamtelezesha juu yake bila kukunja shingo. Jua lilikuwa limeinama vidole vilipoanza kuchezacheza. Mkewe alilia kwa sauti, na mimi nililia.

Alipona, ingawa gunia zito hakulibeba tena. Ndiye huyu aliyenipigia simu. Jumapili iliyofuata mwalimu aliwakusanya wote, pamoja na mke wa majeruhi, akasema mbele yao: "Kosa ni langu. Nilijua mngeshikilia, nikaona ni faida yangu. Na filimbi niliichelewesha nikitaka kushinda." Kisha mwezi mzima hakuwafundisha kingine ila kuanguka na kuachia.

Nimewaza sana juu ya miaka ile. Soko lilipofunguliwa tuliambiana kushika na kutoachia, na aliyeanguka tulimhimiza akaze mikono badala ya kumwambia aachie aokoke. Wakubwa wengi waliotuhimiza hivyo sijasikia hata mmoja akisema alikosea. Wala mimi. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote pembeni ya kiwanja kile, na mwalimu alibeba lawama peke yake nikiwa nimekaa mbele yake, nikitikisa kichwa kama mtu asiyehusika. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kwenda kumwambia, na Ileje alikorudi kuishi si mbali. Kama kuna neno la namna hiyo kifuani mwako, msomaji wangu, nenda leo. Mimi jana nilimwambia yule mpagazi kwenye simu kwamba nami nilikosea. Akasema, "Niliisikia sauti yako siku ile ile."